Danganya kwa Adabu: Mwongozo wa Mwanafunzi wa Sanaa Aliyerudi Hewani

Umefunga chuo, umerudi kijijini Hewani, kwenye delta ya mto Tana, na mwalimu amekutuma na kazi ya likizo: nakala kumi za kibao kimoja, daftari la majaribio, na maonyesho madogo mbele ya watu wa kwenu. Mashine ya kuchapia imebaki Nairobi nyuma ya kufuli. Lino hakuna. Wino wa matbaa hakuna. Karatasi ya maana hakuna. Kilichopo ni mto Tana, mashamba ya mpunga, miembe, mbu, na jamaa ambao wameshakuuliza hiyo sanaa italipa lini.

Sogea nikunong'oneze. Karibu kila kitu ulichoambiwa ni cha lazima kina njia ya mkato, na baadhi ya njia hizo ni bora kuliko barabara kuu. Utaidanganya mashine, utalidanganya duka la vifaa vya sanaa, utayafanya makosa yako yavae nguo nzuri. Nakuomba ufanye hivyo bila kuona haya, kwa sababu sanaa ya kuchapa imewapa picha watu wasiokuwa na uwezo wa kumiliki ile ya pekee. Kuna jambo moja tu nitakalokukataza kulidanganya. Likifika zamu yake utalijua.

1. Mashine: chukua mwiko

Mashine ya kuchapia ina kazi moja: kukandamiza karatasi juu ya kibao chenye wino. Chuma chote kile, na ule mpini unaozungushwa kwa mbwembwe, ni kukandamiza tu. Mwiko unakandamiza.

Chagua mwiko wa zamani wa kusongea sima, ambao mgongo wake umeshalainishwa na sufuria. Paka wino kibao, laza karatasi, weka karatasi ya pili juu yake ili ile ya kwanza isichanike, kisha sugua kwa miduara midogo ukianzia katikati kwenda ukingoni. Tia uzito wa bega, si wa kidole. Halafu fanya lile ambalo mashine haiwezi: inua pembe moja, chungulia, na ukiona weusi umefifia, irudishe karatasi polepole usugue tena hapo hapo. Mwenye mashine hujua ameharibu mambo yakishaharibika. Wewe unajua mapema.

Mwalimu akikunja uso, mtajie Hokusai wa Japani. Lile wimbi lake kubwa la miaka ya 1830, ambalo leo liko kwenye vikombe na tisheti duniani kote, lilichapwa kwa mkono, kwa kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Halikupita kwenye mashine.

Kwa upande wa mama: mwiko haugusi wino, kwa hiyo hauna madhara. Lakini usiombe. Uchukue baada ya chai ya asubuhi, uurudishe kabla maji ya sima hayajachemka.

2. Patasi: mwavuli uliokufa

Seti ya patasi za kuchongea lino itakula nauli yako ya kurudi chuoni. Sasa tazama. Baada ya masika kila nyumba ina mwavuli uliogeuzwa na upepo, na hakuna anayeutupa, umewekwa tu nyuma ya mlango. Chomoa ubavu mmoja. Uutazame kwa kichwa chake, uelekee jua: ni bati jembamba la chuma lililokunjwa likawa mfereji, umbo la herufi U. Hilo ndilo umbo la patasi ya mchapaji. Kiwanda cha miavuli kimekufanyia kazi ngumu.

Kata kipande cha urefu wa kidole. Noa ncha yake kwa nje, kwa pembe ya mlalo, kwenye jiwe laini lenye maji, huku ukiizungusha ili ukali uenee kwenye mdomo mzima wa U. Malizia kwa msasa namba ya juu. Chimba tundu kwenye kipande cha mti kinachojaa kiganjani, pigilia ubavu ndani, funga kwa mpira wa tyubu. Sukuma patasi mbele, mkono wa pili ukae nyuma ya ncha siku zote. Ikianza kurarua badala ya kukata, irudishe jiweni mara moja, usingoje.

Mbavu hazilingani. Za mwavuli wa mtoto ni nyembamba, zinachonga nywele na magamba. Za mwavuli mkubwa wa mchungaji zinafagia anga lote la picha kwa dakika chache. Kusanya za aina mbalimbali. Wenye miavuli watafurahi kuona umeupa uhai mpya mzoga wao, na ukiwaambia jina la mwenye mwavuli litaandikwa kwenye maonyesho, watakuletea hata mizima.

3. Kibao: chochote kinachokubali kukwaruzwa

Lino ya kweli hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na vumbi la gome. Ile ya plastiki inayotandikwa sakafuni si ndugu yake, lakini inachongeka upande wa nyuma, nayo mabaki yake hupatikana mjini Garsen kwa bei ya soda. Soli ya malapa inachongeka kwa wembe na inafaa kwa mihuri midogo: samaki mmoja, ndizi moja, ukarudia hadi ukurasa ujae. Ubao wa mwembe uliobaki kwa mchonga mitumbwi ni zawadi. Uchonge kwa kufuata nyuzi zake. Mathenge uache kwanza. Mti huo ulioletwa maeneo kame ya Kenya kuzuia jangwa, ukageuka kero ya wafugaji wa Tana River, una mbao nzito na ngumu mno. Siku utakapokuwa na patasi za chuma kizuri, rudi kwake. Utafanya mistari ambayo mwembe hauwezi kuishika.

Lakini siri kubwa ni pakiti ya maziwa. Namaanisha ile ya boksi, ya maziwa yanayokaa muda mrefu. Ifungue, ioshe, ikaushe, uigeuze upande wa ndani unaong'aa. Chora juu yake kwa msumari au sindano ya mkeka. Mkwaruzo unaingia chini ya ngozi ya pakiti na kubaki na wino. Pale unapotaka weusi mzito, chana ile ngozi kwa wembe na uibandue: karatasi iliyo chini itakunywa wino. Paka wino kote, futa kwa kitambaa hadi mng'ao urudi, lowesha karatasi yako, kisha kandamiza kwa nguvu zako zote. Hapa ndipo mwiko unapotoa jasho. Pakiti huchoka baada ya nakala chache, kwa hiyo usiitegemee kwa kazi ya nakala kumi zinazofanana. Itegemee kwa kazi ya kumshangaza mwalimu.

4. Wino na rola

Washa kibatari, weka bati juu ya mwale, kusanya masizi kwa unyoya. Nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya mafundi wa samani, kutoka hadiwea. Saga masizi na mafuta kidogo kidogo juu ya kioo kwa tako la chupa, mpaka mchanganyiko unyooke ukiuinua kwa kisu. Ni ukoo ule ule wa wino wa mafuta uliochapa vitabu Ulaya tangu siku za Gutenberg.

Usijaribu mafuta ya nazi. Najua yapo nyumbani na ni bure. Hayakauki. Utaning'iniza picha leo, na mwaka kesho zitakuwa bado zinapaka mikono ya wageni. Mafuta ya kitani hushika hewa na kuganda. Ya nazi hayana tabia hiyo, na hakuna dua itakayoyabadilisha.

Rola ni kipande cha bomba la plastiki kilichovishwa tyubu ya baiskeli, na fimbo ya chuma katikati. Ibiringishe kwenye wino juu ya kioo usikilize. Wino ukiwa tayari, rola inalia kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Ikitoa sauti ya kubanduka, pata-pata, wino ni mwingi: ongeza kioo, punguza tamaa.

5. Karatasi: mpunga una deni lako

Karatasi ya manila ya dukani itatosha kwa majaribio. Lakini unataka mwalimu aiguse karatasi yako aulize umeipata wapi. Basi nenda shambani baada ya mavuno.

Kanda hii imeona makubwa juu ya mpunga. Mradi wa serikali wa umwagiliaji chini ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ulifungua mashamba mapana katika delta, kisha mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakabomoa miundombinu yake na kuulaza kwa miaka. Wakulima hawakuacha kupanda, na kila anayevuna anaacha mabua ambayo aghalabu huchomwa. Kumbe China wamekuwa wakichanganya mabua ya mpunga katika karatasi yao ya Xuan, ile ya waandishi na wachoraji, kwa karne nyingi.

Katakata mabua urefu wa kidole, yaloweke usiku, yachemshe kwa maji ya jivu kwa saa kadhaa mpaka yakatike ukiyabana kwa vidole viwili. Suuza hadi maji yawe meupe. Twanga kwenye kinu. Usiharakishe hapa, kutwanga ndiko kunakofanya nyuzi zishikane. Nyoosha kipande cha chandarua kilichochanika juu ya fremu ya mbao, mimina rojo kwenye karai la maji, zamisha fremu, inua ikiwa imelala sawa, itikise kidogo huku na huku, acha maji yachuruzike. Pindua juu ya kitambaa, kamua, bandika kitambaa ukutani kwenye kivuli.

Njia ya mkato: sehemu moja mabua, sehemu tatu magazeti ya zamani yaliyolowekwa. Rangi itakuwa kijivu cha asubuhi, na mabua ya dhahabu yataonekana yamelala ndani. Hutakuwa umedanganya mtu, maana kweli ni karatasi ya mpunga wa Hewani. Huna haja ya kusema kwamba robo tatu yake ilikuwa siasa za wiki iliyopita, ila ukiulizwa, jibu.

Karatasi hii ina uso mkavu na mabonde. Inapenda kibao cha mistari minene. Sindano ya pakiti ya maziwa itapotea humo.

6. Maandishi, na bahati ya kuzaliwa Hewani

Kibao hugeuza kila kitu. Uso unaotazama mto utatazama kijiji, na maneno yatasomeka kutoka kulia. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayechonga siku nzima, akachapa, akapata jina lake limekaa kinyume.

Wewe una bahati. Chukua HEWANI. H haibadiliki ikigeuzwa. W haibadiliki. A haibadiliki. I haibadiliki. Zinazokusumbua ni E na N peke yake. Geuza hizo mbili, panga herufi zote kuanzia mwisho, umemaliza. TANA ni rahisi zaidi: N tu. Mwenzako wa Garsen ana G, R, S, E na N za kuhangaika nazo, mhurumie.

Kwa maneno marefu usitumie akili, tumia mafuta ya kupikia. Andika kwa kalamu nzito kwenye karatasi nyembamba, ipake mafuta kidogo ipenyeze mwanga, ilaze kifudifudi juu ya kibao na ufuatishe unachokiona.

7. Kukosea vizuri

Utakosea. Patasi itateleza ikakate sikio la bibi yako katika picha. Utafanya nini?

Ukikosea mara moja, ni kosa. Ukilichapa kosa hilo hilo mahali pale pale kwenye nakala zote kumi, watu wataliita mtindo, na watakuwa na haki, kwa sababu umeamua kuliacha. Kwa hiyo usikimbilie kuziba kwa nta. Chapa kwanza. Mkato ulioteleza mara nyingi una uhai kuliko mistari kumi uliyoichonga ukiwa umebana pumzi. Kama bado unauchukia, chonga mingine miwili inayoufuata upande ule ule, nao utakuwa upepo.

Umaskini wa vifaa nao una namna ya kuvaliwa. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, alimaliza mwaka 1952, akafundisha miaka mingi. Aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, alikata pakiti za unga na za sabuni, akazibandika vipande vipande, zikawa kuku, wanawake shambani, nyumba. Kazi zake zilifika New York, kwenye Studio Museum ya Harlem, mwaka 1990. Ukiziangalia kwa karibu unaona maandishi ya pakiti. Hakuyaficha. Na wewe ukichapa juu ya karatasi ya unga, acha nembo ionekane.

Ukitaka rangi nyingi na una kibao kimoja, fuata njia ya Fred Mutebi wa Uganda: chonga kidogo, chapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote, chonga tena kibao kile kile, chapa rangi ya pili juu yake, endelea hadi giza la mwisho. Kibao kinakwisha kazi inapokwisha, na hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye akili anayetakiwa kuleta nakala 10 huanza na karatasi 16. Moja itapinda, moja itaguswa na mtoto, moja utaichapa kichwa chini. Zitakazobaki ndizo ulizokusudia, au ndivyo zitakavyoonekana.

Hapa ndipo penye katazo langu. Chini ya kila nakala utaandika kwa penseli: kushoto namba, katikati jina la kazi, kulia sahihi yako. Ukiandika 3/10, umeahidi kwamba ziko kumi. Nakala chache za msanii unaruhusiwa kuziweka kando na kuzitambulisha hivyo. Zaidi ya hapo, hata mheshimiwa akitaka nyingine kwa bei mara tatu, mkatalie. Mwiko unaweza kuwa mashine na mwavuli unaweza kuwa patasi, lakini kumi haiwezi kuwa kumi na moja. Mtu aliyenunua kwako hana njia ya kuhakikisha isipokuwa neno lako, na sanaa hii yote imesimama juu ya neno hilo. Ukimaliza, chora mkwaruzo mkubwa katikati ya kibao, chapa nakala moja ya kibao kilichokwaruzwa, uiweke kama ushahidi.

8. Daftari la majaribio

Najua utaratibu wenu. Daftari hujazwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kwa kalamu tatu tofauti ili tarehe zionekane za kweli. Mwalimu naye alifanya hivyo enzi zake, ndiyo maana anatambua haraka.

Kuna njia ya uvivu zaidi. Kila ukichonga kwa saa moja, simama, chapa nakala moja kwenye gazeti, andika tarehe, endelea. Mwishoni zishone pamoja kwa uzi. Umepata daftari bila kuandika daftari, na linaonyesha jinsi macho yako yalivyobadilika. Rembrandt alichapa picha yake ya Misalaba Mitatu mwaka 1653, baadaye akarudia bamba lile lile akalifunika giza, na leo makumbusho zinahifadhi hatua zake tofauti na kuzilinganisha. Hatua zako za kati ni mali. Usizifungie maandazi.

9. Kazi moja kubwa

Watu hupima sanaa kwa rula. Weka kazi moja inayowalazimu kutembea ili waimalize.

Mwaka 1953 msanii Robert Rauschenberg aliunganisha karatasi 20 huko New York, akamwomba rafiki yake mwanamuziki John Cage aendeshe gari lake la Ford juu ya karatasi hizo, huku tairi likipakwa rangi. Ukapatikana mstari mmoja wa karibu mita 7, na sasa uko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco. Wewe una bodaboda.

Unganisha karatasi za manila kwa uji wa ngano, zitandike kwenye ardhi tambarare, zikandamize pembeni kwa mawe. Mwambie dereva aende polepole mno, gia ya kwanza, bila kukata kona. Msaidizi apake wino tairi la nyuma kwa rola kabla halijaingia kwenye karatasi, kisha mbele yake aongeze utepe mwembamba wa wino kila linapofifia. Mabonde ya tairi yatatoka yote, na palipokwisha utaona lilivyochakaa. Barabara za huku zimeandikwa humo. Andika jina la dereva kwenye lebo, chini ya lako, kwa herufi za ukubwa ule ule. Ataleta stendi nzima kutazama.

10. Maonyesho

Usitafute ukumbi. Mwembe una kivuli, na watu wameshazoea kukaa chini yake. Nyoosha wavu wa samaki kati ya matawi mawili, bana picha kwa vibanio vya nguo. Wavu unapitisha upepo, na picha hazipasuki. Usiweke vioo, jua la saa saba litageuza kila kioo kuwa taa.

Ukitaka watu waje, chonga sura zao. Mtu hatatembea juani kuona mandhari ya mto anaouona kila siku. Atatembea kuona kama umempa pua yake. Chonga chifu, mchungaji, imamu, mama muuza samaki, mzee wa mitumbwi. Waombe ruhusa, wakikubali waambie siku ya maonyesho, usiwaonyeshe kabla. Kila mmoja atakuja na mashahidi.

Bei iandike, usiiache kinywani. Bei isiyoandikwa hugeuka kuwa undugu. Nakala zilizoahidiwa, hata ile uliyomwekea mama yako, zitie alama nyekundu mapema: ni kweli zimechukuliwa, na alama nyekundu huzaa nyingine. Mgeni wa heshima mpe nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula. Mahamri yakitangulia, hotuba haina mwisho. Hotuba ikitangulia, harufu ya mahamri itaifupisha.

Mvua ikitisha, teremsha kila kitu, viringisha, ingiza kwenye bomba la plastiki lenye vifuniko pande zote mbili, funga kwenye kenchi. Aliyeyaona mafuriko ya 2023 na 2024 Garsen anajua kwamba kilicho sakafuni si chako.

Sasa kazi ya mwisho, ambayo ningependa uifanye hata kama nyingine zote utaziacha.

Wapokomo, wenyeji wa mto huu, walikuwa na ngadji, ngoma yao takatifu. Maafisa wa Uingereza waliichukua mwaka 1902, ikaishia British Museum, na huko imewekwa ghalani, si hata mbele ya wageni. Vizazi vimezaliwa, vikazeeka na kuzikwa kandokando ya mto huu bila kuisikia. Jumuiya inaidai.

Nenda kwa wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, kabla hujagusa patasi. Kaa chini, usalimie ipasavyo, ueleze unachotaka. Ngoma hii haikuwa ya kuonwa na kila mtu, na wao ndio wenye neno la kama inaweza kuchorwa. Wakikuruhusu, sikiliza wanavyoisimulia, chonga unachosikia, usitafute picha ya makumbusho. Wakikukataza, usibishane, kwa maana wamekupa wazo bora: chonga kila kilichokuwa kando yake, mto, migomba, watu waliokusanyika, na mahali pa ngoma paondoe kabisa kwenye kibao, karatasi ibaki tupu. Waonyeshe na hiyo kwanza.

Chapa 20. Kazi ya kibao ni hii hasa: makumbusho ina moja na inaificha, kijiji kinaweza kuwa na karibu ishirini ukutani. Nakala ya 1/20 wape Gasa. Zinazofuata zigawe kwa shule, kanisa, msikiti, na nyumba zitakazotaka. Usiuze hata moja. Ile ya 20/20 itie kwenye bahasha ngumu, na kibandiko mgongoni kinachosema imechapwa Hewani, lini, na kwa idhini ya nani. Upande bodaboda hadi posta ya Garsen, ulipie rejista ili waisaini wakiipokea. Anwani ni British Museum, Great Russell Street, London WC1B 3DG.